Miaka 125 ya Jumuiya ya Kifalme ya Asia, Tawi la Korea

Juni 16, 1900, wanaume 17 walikutana katika chumba cha kusomea cha klabu ya wageni mjini Seoul, wakaanzisha jumuiya ya kuchunguza historia, lugha na desturi za Korea. Miongoni mwao hapakuwa na Mkorea hata mmoja. Walikuwa wanadiplomasia, wamishenari, walimu na watumishi wa serikali walioajiriwa kutoka ng'ambo. Chombo walichokiunda walikiita Tawi la Korea la Jumuiya ya Kifalme ya Asia, chini ya mwavuli wa jumuiya mama iliyokuwepo London tangu 1823. Matawi mengine yalikwisha kuota zamani huko Bombay, Colombo, Shanghai na Singapore. Seoul ilichelewa kwa sababu Korea yenyewe ilichelewa kufungua mlango: mkataba wake wa kwanza na nchi ya Magharibi, yaani Marekani, ulitiwa saini mwaka 1882.

Mwaka 2025 jumuiya hiyo ilitimiza miaka 125. Imepitia dola iliyoanguka, ukoloni wa Kijapani wa miaka 35, vita vilivyoigeuza Seoul kifusi, tawala za kijeshi na hatimaye demokrasia, na bado inaandaa mihadhara na safari. Maadhimisho ya namna hii huwa na mazoea ya kuhesabu miaka na kumwaga sifa. Sifa zipo, na zitatajwa. Lakini kinachoifanya historia hii isomeke ni ubishi uliozuka tangu mihadhara ya kwanza kabisa, nao ulihusu jambo ambalo halijaisha hadi leo: ni nani mwenye haki ya kuieleza Korea, na aieleze kwa kutazama wapi.

Seoul ya mwaka ule ilikuwa mji wa kustaajabisha. Tramu za umeme zilikuwa zimeanza kupita barabarani mwaka mmoja tu kabla, na reli ya kutoka bandari ya Incheon ilikuwa mbioni kuingia mjini. Mfalme Gojong alikwisha kujitangaza kuwa kaizari mwaka 1897, ili asionekane mdogo mbele ya watawala wa China na Japani. Kabla ya hapo alikuwa amejificha katika ubalozi wa Urusi kwa mwaka mzima, baada ya Wajapani kumuua malkia wake ndani ya kasri. Balozi, shule za kwanza za kimishenari na kasri jipya la kaizari vilisongamana katika mtaa mmoja, Jeong-dong, kiasi kwamba mtu aliweza kuvizunguka vyote kwa miguu kabla chai haijapoa. Siku chache tu baada ya kikao kile cha Juni, mabalozi wa nchi za nje mjini Beijing walizingirwa na wapiganaji wa Boxer. Wanaume 17 wa Seoul walikaa wakajadili katiba ya jumuiya ya kisomi huku jirani kukiwaka moto.

Rais wa kwanza alikuwa John Harington Gubbins, mwanadiplomasia Mwingereza aliyebobea katika Kijapani. Lakini roho ya jumuiya ilikuwa kwa wamishenari na walimu, hasa wawili. James Scarth Gale, Mkanada, alifika mwaka 1888 akiwa kijana, akaishi na Wakorea hadi akaimudu lugha yao vizuri kuliko karibu mgeni yeyote wa enzi yake. Kamusi yake ya Kikorea na Kiingereza ilitoka mwaka 1897. Homer Hulbert, Mmarekani, alifika mwaka 1886 kufundisha katika shule ya Kiingereza iliyoanzishwa na mfalme, na akaandika kitabu cha jiografia ya dunia kwa hangul, hati ya Wakorea wa kawaida, wakati wasomi wa nchi hiyo wakiidharau na kung'ang'ania herufi za Kichina.

Mhadhara wa kwanza ulitolewa Oktoba 1900, na mtoaji alikuwa Gale. Mada yake ilikuwa athari ya China juu ya Korea. Gale hakupepesa macho. Alitaja kalenda, maandishi, majina ya watu na miji, mitihani ya utumishi serikalini, maadili ya Konfusio, hadi hadithi za asili ya taifa lenyewe, akaonyesha kwamba kila alipogusa alikutana na China. Kwa maoni yake, kichwa cha Mkorea msomi kilijaa wahenga wa Kichina, mito ya Kichina na milima ya Kichina ambayo hajawahi kuiona.

Hulbert hakukubali. Muda mfupi baadaye alisimama mbele ya wanachama walewale na mhadhara wake mwenyewe kuhusu vilivyosalia vya Kikorea, akapinga hoja baada ya hoja. China, alidai, ilimshika msomi na mtu wa kasri, haikumshika mkulima. Sarufi ya Kikorea haina undugu na ya Kichina, hata kama msamiati umekopa kwa wingi. Imani za mizimu, ngano na mila za nyumbani zilibaki za wenyewe. Mihadhara yote miwili ilichapishwa katika juzuu ya kwanza ya jarida la jumuiya, Transactions, ikiwa jirani kwa jirani, pamoja na mjadala uliofuata. Uamuzi huo wa kuwaweka wapinzani katika jalada moja ndio jambo la busara kuliko yote waliyoyafanya waasisi.

Kwa msomaji wa Kiswahili ubishi huu una ladha ya nyumbani. Nasi tumewasikia wageni, na baadhi ya watu wetu, wakihesabu maneno ya Kiarabu katika Kiswahili na kutangaza kwamba lugha yenyewe ni ya kuletwa, na tumewasikia wengine wakijibu kwa kuonyesha ngeli na vitenzi. Gale alikuwa akihesabu maneno. Hulbert alikuwa akitazama mifupa ya lugha. Kwa hoja ya lugha, Hulbert ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Lakini Gale naye alikuwa ameisoma maktaba ambayo Hulbert hakuwa na subira nayo, na mtu akitaka kujua waziri wa Korea wa karne ya 17 aliwaza nini, Gale ndiye wa kumwendea. Ni yeye aliyekuja kuitafsiri kwa Kiingereza riwaya ya Kim Man-jung, Guunmong, ikachapishwa London mwaka 1922.

Kilichokosekana katika chumba kile ni sauti ya tatu. Wageni wawili walibishana kuhusu Mkorea ni nani, na Mkorea mwenyewe hakuwa na kiti. Tusiwaonee sana. Hata jarida la Uganda Journal la mwaka 1934 na Tanganyika Notes and Records la mwaka 1936 yalianza hivyohivyo, kwa kalamu za maofisa na wamishenari, na mwanahistoria wa leo wa Afrika Mashariki huyalaani Jumatatu na kuyanukuu Jumanne.

Baada ya juzuu tatu, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1903, jarida lilinyamaza. Juzuu ya nne ilianza kutoka mwaka 1912. Katikati ya tarehe hizo mbili nchi iliyokuwa ikichunguzwa ilipotea kwenye ramani. Japani na Urusi zilipigana mwaka 1904 na 1905, Japani ikashinda. Novemba 1905 Korea ililazimishwa kusaini mkataba uliokabidhi mambo yake ya nje kwa Tokyo. Agosti 1910 ikanyakuliwa kabisa.

Katika miaka hiyo Hulbert aliacha kuwa msomi tu. Gojong alimtuma Washington mwaka 1905 na barua ya kuomba msaada wa Marekani, na serikali ya huko ikamzungusha hadi mambo yakawa yamekwisha. Mwaka 1907 alikwenda Ulaya kuwasaidia wajumbe watatu wa siri wa Gojong waliokwenda kwenye Mkutano wa Amani wa The Hague, nao wakafungiwa mlango. Kwa sababu ya jaribio hilo Wajapani walimshurutisha Gojong aachie kiti, na Hulbert akawa mtu asiyetakiwa Korea. Alirudi Julai 1949 akiwa na miaka 86, kwa mwaliko wa Rais Syngman Rhee, akafariki mjini Seoul wiki moja baadaye. Alikuwa amewahi kusema kwamba afadhali azikwe Korea kuliko Westminster Abbey, na akazikwa kweli katika makaburi ya wageni ya Yanghwajin, kando ya Mto Han. Nafasi iliyoachwa kwenye jiwe la kaburi lake kwa ajili ya mwandiko wa rais ilikaa tupu nusu karne, hadi Rais Kim Dae-jung alipoandika maneno yake mwaka 1999.

Jumuiya yenyewe ilichukua njia nyingine. Ilipofufuliwa mwaka 1911, ilifufuka chini ya bendera ya Japani, na ikajifunza kuishi nayo. Makala mojawapo ya juzuu ya nne, ya mwaka 1912, iliandikwa na Midori Komatsu, afisa wa serikali ya kikoloni, na ilieleza uhusiano wa watu wa zamani na serikali mpya kwa namna ambayo mtu angeitarajia kutoka kwa afisa wa serikali mpya. Hapo ndipo sifa za maadhimisho zinapaswa kusimama kidogo. Jarida lililowahi kuwaruhusu Gale na Hulbert wagombane hadharani halikuwa na nafasi kwa Mkorea wa kumjibu Komatsu. Mwaka 1919, Wakorea walipoingia barabarani kwa malaki kudai uhuru, wamishenari kadhaa waliandika na kupiga picha za ukatili waliouona, lakini waliyapeleka kwingine. Jumuiya ilibaki na mahekalu, ginseng na nyota.

Mtu anaweza kuuita huo woga. Mimi nauita bei ya kubaki, na bei hiyo ilileta kitu.

Askofu Mark Napier Trollope wa Kanisa Anglikana, mmoja wa waasisi, alirudi Korea mwaka 1911 akiwa askofu na akawa mhimili wa jumuiya kwa miongo miwili. Makala yake ndefu ya utangulizi wa dini ya Kibudha nchini Korea, ya mwaka 1917, ilikuwa kazi ya mtu aliyekwenda mwenyewe kwenye mahekalu ya milimani, akakaa na watawa na kuuliza. Lilikuwa jambo la ajabu kwa askofu wa enzi ile, wakati wenzake wengi waliiona dini hiyo kuwa giza la kufukuzwa. Alifariki Novemba 1930 akiwa melini, bandarini Kobe, akirejea kutoka mkutano wa maaskofu London. Makala yake kuhusu vitabu vya Kikorea na waandishi wake ilitoka baada ya kifo chake.

Miaka ya 1930 ndiyo, kwa maoni yangu, kilele cha jumuiya hii. Juzuu ya 23, ya mwaka 1934, inatosha kuwa ushahidi. Ndani yake Horace Horton Underwood, aliyezaliwa Seoul mwaka 1890 kwa baba mmishenari, alichapisha utafiti wake juu ya boti na meli za Korea. Underwood alianza na vyombo alivyoviona kwa macho kwenye maji na fukwe, vya wavuvi na vya mizigo, ndipo akarudi nyuma kwenye merikebu za vita za zamani.

Boti ya Kikorea ina tumbo bapa, na sababu yake ni bahari yenyewe. Pwani ya magharibi ya Korea ina bamvua la kutisha: pale Incheon maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayofika mita tisa, na yakipwa huacha uwanda wa tope hadi upeo wa macho. Chombo chenye mkuku mrefu kingelala ubavu. Chombo bapa hukaa wima juu ya tope kikingoja maji yarudi. Mbao zake nene ziliungwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari ya chuma, na mtu wa Lamu anayeujua mtepe uliofumwa kwa kamba ataelewa upesi mantiki ya fundi anayekwepa chuma ndani ya maji ya chumvi. Msomaji wa Underwood akishayajua hayo, ndipo anapomwelewa Amiri Yi Sun-sin na merikebu zake za kobe, zile zenye paa lililochomekwa miiba ya chuma na kichwa cha joka mbele, zilizoisumbua Japani katika vita vya 1592 hadi 1598. Ushujaa wa Yi husimuliwa kila mahali. Underwood alitaka kujua chombo kilijengwaje na kilielea vipi.

Katika juzuu hiyohiyo kuna utafiti wa John Boots kuhusu silaha na mavazi ya kivita ya Korea. Miaka miwili baadaye Carl Rufus, mwanaastronomia wa Kimarekani aliyewahi kufundisha Korea, alitoa historia nzima ya elimu ya nyota nchini humo. Rufus alikuwa ameanza kazi hiyo tangu 1913, alipoandika kuhusu ramani ya mbingu iliyochongwa juu ya jiwe kwa amri ya Mfalme Taejo mwaka 1395, ikiwa na nyota zaidi ya 1,400. Alitaka kuonyesha kwamba Wakorea walikuwa na kumbukumbu za kupatwa kwa jua na za nyota zenye mkia zilizoandikwa kwa karne nyingi. Nchi haikuwa na serikali yake wakati huo. Watoto shuleni walikuwa wakisukumwa wasome Kijapani na baadaye wabadili hata majina yao. Makala ya Kiingereza kuhusu jiwe la nyota haikuikomboa Korea, lakini iliweka wazi kwamba kulikuwa na kitu cha kukombolewa.

Juzuu ya 30 ilitoka mwaka 1940, kisha pakawa kimya tena. Wamarekani na Waingereza walifungasha virago kwa amri au kwa hofu, na vita vya Pasifiki vilipoanza Desemba 1941 waliobaki waliwekwa kizuizini na kurudishwa kwao. Jumuiya ilifufuliwa mwaka 1947 katika nchi iliyokuwa imepata uhuru na kukatwa vipande viwili kwa pamoja.

Ufufuo huo haukudumu. Machi 1949 Ethel, mke wa Horace Horton Underwood, aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Seoul. Juni 1950 majeshi ya Kaskazini yaliingia mjini. Padri Charles Hunt wa Anglikana, aliyeandika makala za safari zake katika milima ya Korea na aliyekuwa nguzo ya jumuiya tangu enzi za Trollope, alikataa kuondoka. Alitekwa, akaswagwa kaskazini pamoja na mateka wengine katika matembezi ambayo manusura waliyaita ya kifo, na akafia huko mwishoni mwa mwaka. Underwood mwenyewe alifariki Busan, Februari 1951, akiwa amerudi kusaidia katika vita.

Katikati ya balaa hilo, mwaka 1951, ilitoka juzuu ya 32. Ndani yake mna makala kuhusu Tripitaka Koreana, yale mabamba ya mbao zaidi ya 80,000 yaliyochongwa katika karne ya 13 na kuhifadhiwa katika hekalu la Haeinsa, ambayo yana maandiko yote ya Kibudha. Mwandishi wake hakuwa mgeni. Alikuwa L. George Paik, yaani Baek Nak-jun, msomi Mkorea ambaye wakati huo alikuwa waziri wa elimu wa serikali iliyokimbilia Busan, akitafuta mahema ya kufundishia watoto wa wakimbizi. Mabamba yale yalichongwa wakati Wamongolia wakiiteketeza nchi, kwa imani kwamba kuyachonga kungeleta ulinzi. Paik hakuhitaji kumweleza msomaji wa 1951 kwa nini alichagua mada hiyo.

Kuanzia juzuu ya 33, ya mwaka 1957, jarida halikupotea tena, na mizani ilianza kuhama. Wakorea wakawa wanachama, watoa mihadhara na viongozi. Wageni walioendelea kuandika nao walikuwa wa aina nyingine. Richard Rutt, kasisi Mwingereza aliyeishi vijijini, alichapisha mwaka 1958 utangulizi wa sijo, utungo wa Kikorea wa mishororo mitatu, akiwa ameujifunza kwa wazee wanaouimba. Mwaka 1972 jumuiya ilichapisha kazi yake kubwa juu ya maisha ya Gale pamoja na historia ya Korea ambayo Gale alikuwa ameiandika. Rutt alikuwa askofu, baadaye akahamia Ukatoliki, na pia ndiye mwandishi wa kitabu maarufu cha historia ya kufuma sweta kwa mikono. Watu wa namna hii jumuiya imekuwa ikiwavuta siku zote.

Si wote waliacha jina safi. Gregory Henderson, mwanadiplomasia wa Marekani, aliandika mwaka 1959 historia nzuri ya mtaa wa Jeong-dong, na kitabu chake cha 1968 kuhusu siasa za Korea bado kinabishaniwa vyuoni. Lakini Henderson pia aliondoka na mkusanyo mkubwa wa vyombo vya kale vya ufinyanzi, ambao sasa uko Harvard, na Wakorea wengi hawajamsamehe. Mtu aweza kuipenda nchi na bado akaipakia kwenye masanduku.

Kinyume chake ni Carl Ferris Miller, aliyeingia Korea na jeshi la maji la Marekani mwaka 1945, akafanya kazi ya benki, akachukua uraia mwaka 1979 kwa jina la Min Pyong-gal, na kuanzisha bustani ya miti ya Chollipo kwenye pwani ya Taean. Miller aliwahi kuwa rais wa jumuiya, na alikuwa mpenzi mkubwa wa safari zake. Katika miaka ambayo barabara za vijijini zilikuwa vumbi na ramani za Kiingereza hazipatikani, mabasi ya jumuiya yaliondoka Seoul alfajiri za mwisho wa wiki yakiwa na wake wa wanadiplomasia, wanajeshi, walimu na Wakorea kadhaa waliotaka kuiona nchi yao, yakienda mahekaluni, visiwani na kwenye makaburi ya wafalme. Kitabu cha kuongoza wageni katika historia ya Seoul, kilichoandikwa na Donald Clark na James Grayson na kuchapishwa na jumuiya mwaka 1986, kilitokana na mwendo wa namna hiyo wa miguu.

Wakati huo elimu ya Korea ilikuwa ikihamia vyuo vikuu. Mwaka 1977 wasomi wa Ulaya walikutana London wakaunda chama chao cha taaluma za Korea, kinachoandaa mikutano yake kwa zamu katika miji mbalimbali. Serikali ya Korea Kusini ilianzisha taasisi ya utafiti wa utamaduni wake mwaka 1978, na mfuko wa Korea Foundation mwaka 1991, na fedha zikaanza kumiminika kwenye viti vya uprofesa na makongamano. Katika kongamano la leo mtoa mada hupewa dakika 20, mwenyekiti humwonyesha kikaratasi cha muda, na chumba cha pili kina mada nyingine saa ileile. Usahihi umeongezeka mno: hakuna mhariri wa sasa ambaye angepitisha nusu ya yale Gale na Hulbert waliyodai kuhusu asili za mataifa. Lakini mhadhara wa saa nzima, mbele ya wasikilizaji mchanganyiko wasiotafuta vyeo, ambapo daktari wa meno anaweza kumuuliza profesa swali na profesa akakosa jibu, umekuwa adimu, na Jumuiya ya Kifalme imeendelea kuulinda.

Kuanzia 2011 hadi 2020 rais wake alikuwa Brother Anthony wa Taizé, mzaliwa wa Cornwall aliyefika Korea mwaka 1980, akafundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Sogang, akachukua uraia mwaka 1994 kwa jina la An Sonjae, na kutafsiri makumi ya vitabu vya mashairi ya Kikorea. Chini ya kizazi chake juzuu za zamani za Transactions ziliwekwa kwenye mtandao, zisomwe bure. Korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, mihadhara ikahamia kwenye skrini, na wanachama wa zamani waliotawanyika duniani wakaweza kuhudhuria tena.

Neno "Kifalme" bado limo katika jina, katika nchi ambayo haijawa na mfalme tangu 1910. Lugha ya vikao bado ni Kiingereza. Fedha si nyingi, na wageni wa siku hizi, wenye simu zinazotafsiri na filamu za Kikorea walizozitazama kabla hawajapanda ndege, hawaoni haraka kwamba wanahitaji jumuiya ya kuwaeleza nchi. Hayo ni matatizo ya kweli. Lakini mwanafunzi wa historia anayetaka kuona jinsi elimu ya Korea kwa Kiingereza ilivyoanza, pamoja na makosa yake yote, hana mahali pa kuikuta imekaa pamoja namna hii isipokuwa katika mfululizo huu wa juzuu zinazokaribia mia moja.

Mihadhara kwa kawaida hufanyika Seoul jioni za Jumanne, mara mbili kwa mwezi, na si lazima uwe mwanachama ili uingie. Vijana wengi wa Afrika Mashariki sasa wako Korea kwa ufadhili wa masomo. Wasiishie mabwenini na maabara. Waende wakasikilize, na mzungumzaji akikosea, wanyooshe mkono.